Mwezi wa Pili

Haya nitakayoandika yananionyesha mjinga, na siyo ule ujinga wa kuchekesha ambao nilikuwa naufanya makusudi. Nimeona niseme mapema, Paulina na Adelina, kwa sababu nyie mnanijua mtu wa mizaha, mngesoma hadi mwisho mkidhani kuna kicheko nimekificha mahali. Hakuna. Vya kucheka viko huku mwanzoni, vichukueni mapema.

Nimestaafu. Najua mtu wa miaka ishirini na saba hastaafu, anaacha kazi au anafukuzwa. Lakini makarani wazee wa boma wakistaafu wanakaa barazani kueleza watu walivyokuwa wanafanya kazi, na mimi nimekaa kwenye baraza la kaka yangu hapa Tukuyu, mvua inanyesha tangu juzi, na kazi nimeifanya miaka saba nyuma ya mkeka wa bibi yenu. Meno yote bado ninayo. Hicho ndicho kiinua mgongo changu.

Adelina, siku ile naondoka uliniuliza kwa nini daftari la zamani lina ukurasa umechanwa. Nikakujibu ni panya. Panya gani anachana ukurasa mmoja kwa mstari ulionyooka? Ulinitazama tu. Sasa nyie wawili ndio mnakaa pale nilipokaa, mmesoma darasa la nne kama mimi, mna akili ya haraka kama niliyokuwa nayo, na hiyo ndiyo inanitia hofu. Kwa hiyo jibu ni hili, refu.

Nilifika Iringa mwaka hamsini na mbili, taniboi wa lori la mbao, nimevaa koti la kaka yangu. Lori likafia pale. Wenzangu wakasema injini, mimi nikasema limechoka na utani wangu. Dereva akatuambia tungoje spea, na spea hiyo nadhani bado iko njiani. Nikawa nabeba mizigo sokoni nipate kula. Siku moja nikambebea gunia mama mmoja mzee, mfupi, rozari shingoni. Gunia limejaa mizizi, lina udongo na harufu ya zizi. Kutoka sokoni mpaka Kihesa aliniambia neno moja tu, polepole. Huyo alikuwa Bibi Felista, bibi yenu.

Kwake tulikuta wanawake wanne wamekaa kwenye magogo wanamsubiri. Mmoja alikuwa analia kwa Kinyakyusa, mke wa kibarua wa chai huko Mufindi, na hakuna aliyemwelewa. Bibi yenu mnamjua, Kihehe anacho chote na Kiswahili cha kununulia chumvi. Mimi, ambaye hiyo ndiyo lugha ya kwetu, nikatua gunia, nikamsikiliza yule mama, halafu nikatangaza kwa sauti ya taniboi, mbele ya watu wote na majirani wawili wanaume, kwamba huyu siku zake zinakuja mara mbili kwa mwezi na anaogopa damu itamwishia.

Wanawake wakajifunika nyuso kwa kaniki zao. Yule mama akanyamaza kulia papo hapo, maana aibu ilizidi maumivu. Bibi Felista hakunigombeza. Aliingia ndani, akatoka na mkeka wa kuanikia ulezi, akaufunga juu kwenye boriti ukaning'inia mpaka karibu na chini, akaninyooshea kidole nikae upande wa pili, mgongo kwao. Ndivyo nilivyoajiriwa. Sikuandika barua, sikuonyesha cheti. Nilipewa mkeka.

Siku za kwanza nilijiona mtu aliyefungwa kwa kosa la kuwa mwanamume. Unasikia sauti, unaona miguu tu kwa chini pale mkeka unapoishia. Mama akisema kwa lugha yake, mimi namwambia bibi kwa Kiswahili chepesi, bibi anajibu, mimi narudisha. Siku ya tatu nikatoboa tundu dogo kwa kijiti nione ninaongea na nani. Kesho yake nikakuta tundu limeshonwa kwa uzi mweusi, na chai yangu haikuwa na sukari wiki nzima. Hayo ndiyo mafunzo yangu ya kazi, na nayaona bora kuliko ya mwalimu wangu wa misheni aliyetumia fimbo, kwani ile fimbo niliisahau.

Vijana wa sokoni walinicheka. Wakaniita dresa wa mikanda, yaani mganga wa vitambaa vya wanawake, mume wa wote, na majina mengine ambayo nyie hamstahili kuyasoma. Nikawajibu kwamba mimi nayajua mambo ya wake zao kuliko wao, na hilo liliwanyamazisha kwa sababu lilikuwa kweli.

Vifaa vyetu mnavijua lakini niviseme, maana mtu huacha kukiona kitu anachokishika kila siku. Kulikuwa na kinu, na chungu cha kuchemshia ambacho hakipikiwi kitu kingine. Kulikuwa na vifurushi vya majani ya mgomba, vingine vimefungwa uzi mweupe na vingine uzi mweusi. Mweupe ni dawa nyepesi, ya maumivu na ya joto la wanawake wanaokoma hedhi, ambayo bibi alimpa karibu kila mtu. Mweusi ni ule mzizi wa Kilolo wa kushusha mwezi, kwa mwanamke ambaye damu yake imekatika muda mrefu na hana mimba. Huo haukutoka mpaka bibi mwenyewe ameweka mikono juu ya tumbo la mtu. Hata kama amesafiri. Hata kama mama amelia. Uzi mweusi unangoja mikono.

Na kulikuwa na kibuyu cha punje za mahindi. Bibi hakuwa anamuuliza mama tangu lini. Alikuwa anamsogezea kile kibuyu na kusema, "Weka." Mama anachukua punje moja kwa kila mwezi uliompita bila damu, anaziweka chini. Bibi anazitazama tu. Zikiwa nyingi, anashika tumbo. Zikiwa hazijafika tatu, hatoi dawa yoyote. Anamrudishia mama punje zake mkononi, anamwambia arudi nyumbani akae, asibebe mzigo mzito, na mwezi ukipita tena aje na punje ya tatu. Wengi hawakurudi na punje ya tatu. Walirudi mwaka mwingine na mtoto mgongoni, wakimletea kuku. Wanawake wa kule kwenye kambi za chai walishaizoea sheria hiyo, wengine wakawa wanakuja na punje zao kabisa, wamezifunga kwenye pindo la kaniki, tangu nyumbani.

Mimi kile kibuyu nilikiona cha kizamani sana.

Lakini nisikimbilie huko. Kulikuwa na miaka mizuri. Kuna mke wa fundi cherehani pale Kihesa, mama mtu mzima, alishikwa na joto mwezi wa sita, na mnajua Iringa mwezi wa sita maji ya kunawa yanauma vidole. Yeye anafungua dirisha usiku, anatupa blanketi. Mume akaja amefura, anasema mkewe amerogwa au anatafuta namna ya kumfukuza kitandani. Bibi akampa mama uzi mweupe, na mume naye akapewa dawa yake: anunue blanketi la pili, la peke yake. Nikaitafsiri ile kwa heshima zote huku nimeuma koti nisicheke. Walipona wote wawili.

Na kuna mama wa Kilolo aliyekuja akitoka damu tangu wakati wa kupanda, na sasa watu wanapalilia. Nilisikia sauti yake kwamba haina mtu ndani. Bibi hakugusa uzi wowote. Alivaa viatu vyake vya kanisani, akamshika mkono, wakaenda kwa miguu mpaka hospitali ya misheni, na akakaa naye nje siku nzima. Nilimuuliza kwa nini hakujaribu hata kidogo. Alisema, "Huyu siyo wangu." Nilidhani anamaanisha siyo ukoo wake. Ilinichukua miaka kujua kwamba hiyo ndiyo elimu yake kubwa, kujua nani siyo wake.

Mtaniuliza kama dawa zilikuwa zinafanya kazi. Mimi sijui. Wengine walipona, na wengine wangepona hata kwa maji ya ugali. Nilikuwa naamini sana wakati ule. Sasa hivi ninachokiamini ni ile mikono yake tu.

Mwaka wa tano nikaleta maendeleo. Nilinunua daftari na penseli kwa Mhindi, na Mhindi akanipa kalenda ya bure yenye picha ya treni. Nikaitundika upande wangu wa mkeka. Nikamweleza bibi kwamba kila mama tutaandika jina, anakotoka, na tangu lini, kama hospitali. Punje za nini tena, kila siku zinaliwa na kuku. Na zilikuwa zinachelewesha: mama mmoja anasahau, anaanza upya kuhesabu, anaongeza moja, anatoa moja, anakumbuka msiba, anakumbuka mvua, na huku nje wamekaa kumi. Mimi swali moja, jibu moja, naandika, nahesabu kwenye kalenda, namwambia bibi idadi. Haraka kama stesheni ya treni.

Bibi alitazama daftari kichwa chini. Akaniuliza kama hiyo kitu inajua kuhesabu. Nikamwambia inajua kuliko kuku. Alicheka, bibi yenu, mara moja ile, mpaka akashika ukuta. Nilijivunia kicheko hicho kuliko cheti changu. Kibuyu kikapanda juu darini.

Na kweli, miezi minane mambo yalikwenda. Nawaambieni hili kwa sababu kosa lenyewe halikuja na kelele. Lilikaa ndani ya lile swali tangu siku ya kwanza likiningoja.

Siku hiyo bibi alikuwa amekwenda Kilolo kuchimba. Mkwewe, mke wa mwanawe, yuko kisimani. Mimi niko upande wangu nachonga penseli. Mwanamke akabisha hodi, akaingia, akakaa upande wao. Niliona miguu yake: udongo mwekundu wa Igowole, kule kwenye chai ya Mufindi, umekauka mpaka kwenye kifundo, na kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimepanda juu ya mwenzake. Sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema anaitwa Tusekile, mke wa mchuma chai. Jina hilo ni la kwetu, maana yake tumefurahi, basi nikamsalimu kwa Kinyakyusa. Badala ya kuitika akaniomba tuongee Kiswahili.

Nilielewa. Kwetu mambo hayo mwanamke hawezi kumwambia mwanamume wa lugha yake, kila mmoja wetu ni kaka yake au shemeji yake au mtu anayefanana na baba mkwe wake ambaye hata jina lake hathubutu kulitaja. Kiswahili hakina baba mkwe. Ukisema neno kwa Kiswahili ni kama umelisema ukiwa umevaa nguo ya mtu mwingine. Mimi niliyeajiriwa kwa ajili ya Kinyakyusa, siku iliyohitajika tukakiweka pembeni, wote wawili, kwa adabu.

Alinieleza. Miaka minane ameolewa, hana mtoto. Mwezi wake hauna adabu, unakuja ukitaka, unaondoka ukitaka. Mama mkwe ameshamtafutia mumewe msichana mwingine kule nyumbani, na mumewe amesema atangoja mpaka mavuno tu. Alitaka mwezi urudi ukae sawa ili apate na yeye kushika mimba. Alikuja kwa lori la chai kwa kudanganya kwamba anakwenda kumwona dada yake mgonjwa, na lori linarudi mchana uleule, na hawezi kudanganya mara ya pili.

Nikasikia anahangaika na pindo la nguo yake, anafungua fundo kwa kucha. Nikajua anatoa hela kabla ya dawa, kama wengine wenye haraka. Nikamwambia aache hiyo kwanza, ajibu maswali, siku hizi tunaandika. Akaacha.

Nikamuuliza, tangu lini hujaona.

Akasema, "Mwezi wa pili."

Nikaandika. Ninaiona ile penseli mpaka leo. Tusekile, Igowole, mwezi wa pili. Nikatazama kalenda yenye treni. Tulikuwa mwezi wa tisa. Nikahesabu kwa kidole: wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa. Miezi saba. Nikasema moyoni, huyu amekauka kabisa. Nikamuuliza kama tumbo limeongezeka. Akasema hapana, liko vilevile. Miezi saba na tumbo liko vilevile, basi hakuna mimba hapo, hesabu imekaa sawa. Mwalimu wangu angenipa alama zote.

Uzi mweusi unangoja mikono, nilijua. Lakini lori lilikuwa linaondoka, na yeye hatarudi, na bibi yuko Kilolo mpaka kesho, na mimi nilikuwa na huruma, na hilo ndilo baya kuliko yote, kwamba ilikuwa huruma. Nikachukua kifurushi cha uzi mweusi, nikakipitisha chini ya mkeka. Nikamweleza namna ya kuchemsha kama nilivyokuwa nimemsikia bibi akieleza mara mia. Nikamtania kidogo, nikamwambia mtoto akizaliwa ampe jina langu. Alicheka. Nilimsikia akicheka. Ile miguu ikanyanyuka ikaenda.

Bibi aliporudi sikumwambia. Nilisema moyoni nitamwambia dawa ikishafanya kazi.

Wiki ya tatu akaja mama mmoja wa kambi ya Igowole, mteja wetu wa siku nyingi. Alizungumza na bibi kwa Kihehe cha kunong'ona muda mrefu, na mimi nyuma ya mkeka nikawa nashika jina moja tu, Tusekile, mara mbili, mara tatu. Yule mama alipoondoka bibi aliufungua mkeka kutoka kwenye boriti, akaulaza chini, akakaa mbele yangu uso kwa uso, jambo ambalo halijawahi kutokea saa za kazi. Akaniambia kwamba Tusekile alitoka damu siku mbili, na bibi mmoja wa kambini anayezalisha wanawake aliona kilichotoka, na amesema ilikuwa mimba. Changa. Ile ya kwanza katika miaka minane. Mwenyewe yu hai, ila amelala kaelekea ukuta, hasemi na mtu.

Akaniagiza nilete daftari. Nikaleta. Akasema nisome.

Nikasoma: Tusekile, Igowole, mwezi wa pili.

Aliniuliza, "Wa pili ni mbili?"

Nikamwambia hapana, bibi, wa pili ni Februari. Nikamwonyesha hata kwenye kalenda, kwenye treni.

"Yeye alisema Februari?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Ndipo nikalisikia lile neno upya, kwa sauti yake ya chini, mwanamke ambaye hajawahi kuona kalenda, anayehesabu kwa kupanda na kupalilia na kuvuna. Mwezi wa pili. Huu sasa ni mwezi wa pili. Kwa Kinyakyusa asingeniambia hivyo, angesema tangu mvua fulani, tangu maharage fulani, na mimi ningeelewa palepale. Kwa Kiswahili tulikutana katikati ya neno moja, kila mmoja amesimama upande wake, kuna mkeka tena.

Bibi akapanda mwenyewe kwenye ngazi, kwa umri ule, akashusha kibuyu. Akachukua punje mbili, akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja. Halafu akaenda kupika. Hakunitukana, hakunifukuza, alinipa chakula changu na nyama kama kawaida. Nilitamani anichape. Nilichana ukurasa ule jioni hiyo, na kalenda nikaiwasha jikoni, treni ikaungua vizuri tu.

Mtauliza kama nilikwenda kumwambia mwenyewe. Nilikwenda. Nilipanda lori la chai mpaka Igowole na hotuba nzima kichwani. Kambini nikakutana na mumewe, kijana mpole, mwenye kapu mgongoni, na aliposikia natoka kwa Bibi Felista alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kuja kumwona mgonjwa. Alisema Mungu hakupenda. Nikasema ndiyo. Nikasema nina haraka, lori linaondoka. Nilirudi Iringa nimekaa juu ya magunia ya chai, na sikupiga utani hata mmoja, mpaka dereva akaniuliza kama naumwa.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka miwili zaidi, na hiyo ndiyo miaka mnayonikumbuka nyie, mlipokuwa mnakuja kumsaidia bibi. Mlinijua mchangamfu. Nilikuwa nawachekesha nyie ili nisisikie upande wa pili wa mkeka. Kila mama akikaa nilisukuma kibuyu kwa mguu, nikasema weka, nikasikia punje zikidondoka chini moja moja, na mimi nahesabu nikiomba zisiwe mbili. Zikiwa mbili, bibi alizirudisha mkononi mwa mama, akamwambia akae, angoje. Wengine wakaja baadaye na watoto. Walitaka niwashike wale watoto, nikawa nasema mikono ina dawa.

Bibi aliendelea kuchimba mzizi wa uzi mweusi, lakini alizeeka haraka. Alikuwa anashika tumbo la mtu, anaondoa mikono, anairudisha tena, kama aliyesahau kitu humo. Hapo zamani alikuwa anajua kwa mara moja. Nami ndiye niliyemwondolea hiyo mara moja. Ndiyo maana nimestaafu, siyo kwa sababu ya mbavu kama nilivyowaambia.

Nikiwa njiani kuja huku niliteremka Mbeya. Nilikuwa nimesikia kwamba mume wa Tusekile alimrudisha kwao baada ya yule msichana mwingine kufika, na kwamba anaishi kwa kaka yake Mbeya, anauza viazi sokoni. Baridi ilikuwa kali, ukungu umekaa mpaka kwenye meza za wauzaji. Niliuliza, nikaonyeshwa mama amejifunika blanketi nyuma ya mafungu ya viazi. Sikumjua uso. Nilitazama chini. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake.

Nikachuchumaa pale mbele ya viazi, nikamwambia mimi ndiye wa nyuma ya mkeka. Nikamwambia yote, kwa Kiswahili, sikuthubutu lugha nyingine: kwamba dawa haikuwa yake, kwamba bibi hakujua, kwamba mimi nilisikia Februari, kwamba alikuwa na mimba na mimi ndiye niliyeitoa. Na kwamba nilifika mpaka kambini nikamkimbia. Nilitegemea atapiga kelele, watu wajae, wanipige. Nilikuwa nimevua hata koti.

Mteja akaja, akamuuzia fungu moja, akampangia viazi kwenye kikapu, vikubwa chini, vidogo juu. Mteja akaenda. Ndipo akanitazama, na sikuona hasira, aliongea kama mtu anayenirekebishia hesabu yangu.

"Zilikuwa mbili, kaka," alisema. "Nilikuja nazo kwenye pindo. Nilikuwa nafungua, ukaniambia niache."